Chai Isiyo na Majani ya Chai: Historia ya Jina na Haja ya Istilahi

Utangulizi

Mgeni anayekaribishwa chai katika mji wa Songea hana hakika ya kitakachomiminwa mpaka kikombe kiwe mbele yake. Huenda ikawa chai ya rangi iliyotiwa tangawizi. Huenda yakawa maji yaliyochemshwa pamoja na mchaichai uliokatwa nyuma ya nyumba, bila hata chembe moja ya majani ya chai. Huenda ikawa choya, ambayo wengine huiita rozela, nyekundu kama zabibu na kali kama ukwaju. Huenda pia ukawa unga wa soya iliyokaangwa, zao ambalo mkoa wa Ruvuma unajulikana nalo. Vyote hivi huitwa chai, na mwenyeji hajamdanganya mgeni wake.

Ukarimu wa namna hii haudai istilahi. Lakini jina hilohilo linapohama kutoka barazani na kuingia katika kijitabu cha zahanati, katika karatasi za forodha au katika lebo ya pakiti, hali hubadilika. Mfasiri anayeandika neno "chai" bila kulichungua huweza kumnyima mama mjamzito kinywaji kisicho na dhara lililokusudiwa, au kumruhusu kile alichopaswa kukipunguza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno "chai" lilivyolihama jani lake, na kupendekeza namna ya kuliongoza bila kulivunja. Hoja yetu ni moja: neno lenyewe limekwisha kuwa mali ya watu na halirudishwi nyuma; kilicho mikononi mwetu ni maneno yanayolifuata.

Jani na Jina

Mmea wa chai, ambao Kiswahili huuita mchai, asili yake ni sehemu za China na nchi jirani nayo. Linnaeus aliupa jina la kitaalamu mwaka 1753, akauita Thea sinensis. Tangu mwaka 1887 umejulikana kwa jina la Camellia sinensis. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika mmea huo mmoja, na tofauti yake ni namna majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa.

Jina lake limeenea duniani kwa njia mbili. Waholanzi, waliolipata katika lahaja ya pwani ya Fujian, walilieneza kwa meli katika umbo la "te", na ndilo lililozaa jina la Kiingereza, la Kifaransa na la Kijerumani. Njia ya pili ilipita nchi kavu kwa umbo la "cha", ikafika Uajemi na kuongezewa sauti ya mwisho ikawa "chay", kisha ikaenea Bara Hindi na nchi nyingine za mashariki. Kiswahili chetu kimo katika mkondo huu wa pili. Neno lilifika pwani pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, muda mrefu kabla ya mche wa kwanza kupandwa katika nchi yetu.

Mche wenyewe ulikuja baadaye. Wajerumani waliujaribu Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na Kyimbila, katika Rungwe, mwaka 1904. Kilimo cha chai kwa biashara kilianza mwaka 1926. Mpangilio huu wa mambo una maana kwa mwanaistilahi. Waswahili walilijua jina na kinywaji kabla ya kuujua mmea. Ndiyo maana "chai" kwao ilikuwa kwanza kitu cha kunywa, na jani lilipohitaji jina likaitwa kwa kulitegemea lile la kinywaji, yaani "majani ya chai". Katika lugha yetu kinywaji hakikuitwa kwa jina la jani. Ni jani lililoazima jina la kinywaji.

Neno lililoanza hivyo lina nafasi kubwa ya kutanuka, na kweli limetanuka. Anayeuliza "Umekwisha kunywa chai?" saa mbili asubuhi anauliza habari ya kifungua kinywa, na aliyekunywa uji na kula viazi atajibu kwamba amekwisha kunywa. Mtumishi asiye mwaminifu akidai "chai" hatarajii kikombe. Maana hizi mbili zinaonyesha kwamba "chai" imekuwa jina la desturi nzima: kuketi, kupewa kitu cha moto na kuburudika.

Mchai na Mchaichai

Ushahidi mzuri wa kutanuka huku umo katika jina la mmea unaopandwa kandokando ya nyumba nyingi Songea na kwingineko: mchaichai. Kiswahili kina kanuni ya kurudia shina ili kuonyesha kitu kinachokaribia kingine bila kuwa chenyewe. Udongo wa majimaji si maji, na kitambaa chekundu-chekundu hakijafikia wekundu kamili. Kwa kanuni hiyohiyo, mchaichai si mchai, ila unakaribia kuwa mchai.

Unakaribia kwa lipi? Kwa umbo haukaribii hata kidogo. Mchai ni mti unaokatwakatwa ukawa kichaka. Mchaichai ni nyasi ndefu yenye makali pembeni mwa jani. Kinachofanana ni kazi: majani ya vyote viwili hutiwa katika maji ya moto, na maji yake hunywewa kwa sukari. Aliyeunda jina hili alitazama matumizi, na kwa kufanya hivyo akatoa fasili ambayo kamusi zilichelewa kuiandika. Chai ni kinachonywewa kama chai.

Hapo tunaona kwamba wanaosema "chai ya mchaichai" hawakosei sarufi wala mantiki ya lugha yao. Hawakuiga Wafaransa, ambao kwa vinywaji vya namna hii wana neno "tisane", lenye asili ya Kigiriki na lililotumika zamani kwa maji ya shayiri. Wanakaribiana zaidi na Wajerumani, ambao katika mazungumzo huita "Tee" karibu kila mmea unaotiwa maji ya moto, ingawa katika lugha ya biashara huvitofautisha vile visivyotokana na mchai kwa kuviita bidhaa zinazofanana na chai. Njia hiyo ya Wajerumani, yenye jina pana sokoni na jina lenye mipaka katika hati, inafaa kutufundisha.

Songea na Vikombe Vyake

Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai ina baridi inayomlazimisha mtu kutafuta kitu cha moto. Mji ulikua kandokando ya boma la Wajerumani lililoanzishwa mwaka 1897, nao ulichukua jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Magharibi yake kuna Peramiho, ambako misheni ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1898. Zaidi ya hapo kuna milima ya Umatengo, yenye kahawa ya Mbinga. Mashamba makubwa ya chai yako mbali, katika Mufindi, Rungwe, Njombe na Usambara.

Kwa hiyo majani ya chai hapa ni kitu cha dukani, na kitu cha dukani huja na kuadimika. Vinywaji vya nyumbani havikungoja duka. Togwa ilikuwapo, nayo ingalipo. Masuku na matunda mengine ya porini yalikuwa yakiliwa na kutengenezwa kabla ya mtu yeyote kuuza pakiti. Chai ilipofika ilijiunga na vinywaji hivyo, haikuviondoa. Na mimea ambayo ingeweza kutiwa katika birika ilipata jina jipya kwa kuingia katika birika hilo.

Soya inaonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Punje zake hukaangwa mpaka ziwe za kahawia, zikasagwa, na unga wake ukatiwa katika maji ya moto. Wapo wanaoiita "kahawa ya soya", wakifuata rangi na namna ya kuikaanga. Wapo wanaoiita "chai ya soya", wakifuata saa ya kuinywa na kitafunio kinachoandamana nayo. Kitu kimoja kinabeba majina mawili yanayopingana katika vitabu vya mimea, wala hakuna mnywaji anayetatizika. Anayetatizika ni mwandishi wa lebo.

Utata wa "-a" Unganifu

Chanzo cha tatizo la mwandishi huyo ni kiungo kidogo sana. Tazama mifano hii: chai ya maziwa, chai ya rangi, chai ya asubuhi, chai ya tangawizi, chai ya mchaichai. Katika wa kwanza, "ya" inaonyesha kilichoongezwa. Katika wa pili inaonyesha sura. Katika wa tatu inaonyesha wakati. Katika mifano miwili ya mwisho haiwezekani kujua: tangawizi imeongezwa katika chai yenye majani, au ni tangawizi peke yake? Watu wa pwani wana pia "chai ya mkandaa", yaani chai isiyotiwa maziwa, iliyopewa jina la mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Mfasiri asiyeujua msemo huo angeweza kudhani kwamba gome hilo linachemshwa na kunywewa!

Kiungo cha "-a" hakina kosa. Kazi yake ni kuunganisha na kuwaachia wasemaji mengine wayajue wenyewe. Katika nyumba ya Songea wote wanajua kilichomo katika birika. Katika maandishi msomaji yuko mbali na birika hilo, na hapo hapana budi kiungo kingine kisaidie. Kiswahili kinacho tayari: "-enye". Chai yenye tangawizi ni chai iliyoongezwa tangawizi. Chai ya tangawizi tupu ni tangawizi bila majani ya chai. Tofauti hii haihitaji neno jipya hata moja.

Kafeini: Kutokuwa nayo na Kuondolewa

Jambo kubwa linaloitenga chai ya mchai na zile nyingine ni kafeini, kiini kinachochangamsha mwili na kuzuia usingizi. Historia ya jina hili inatufaa sana sisi tunaoshughulika na istilahi. Mkemia wa Kijerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka katika buni mwaka 1819. Mwaka 1827 Oudry alitenga kiini kutoka katika chai, akakipa jina jingine, "theine", kwa kudhani ni kitu cha pekee. Ilipofika mwaka 1838 ilithibitishwa kwamba vyote viwili ni kitu kimoja. Kwa miaka kumi na moja sayansi ilikuwa na istilahi mbili kwa dhana moja, kwa sababu tu kila mtafiti alitazama kikombe chake. Kiswahili kina bahati ya kupokea neno moja tu, na tusilizalie pacha.

Hata hivyo tumezalisha mkanganyiko mwingine. Pakiti nyingi na tafsiri nyingi hutumia maneno "bila kafeini" kwa mambo mawili tofauti. La kwanza ni kinywaji ambacho tangu asili hakina kafeini, kama vile mchaichai, choya au tangawizi. La pili ni chai au kahawa ambayo kafeini yake imeondolewa kiwandani, kazi ambayo Ludwig Roselius wa Bremen aliifanya kuwa ya kibiashara mwanzoni mwa karne ya 20. Kinywaji cha namna hii ya pili aghalabu hubaki na kiasi kidogo cha kafeini. Mtu aliyeshauriwa na daktari aiache kabisa anastahili kuambiwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho katika pakiti.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze kiasi hicho, ili kupunguza hatari ya mimba kuharibika na ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mfasiri akiandika "punguza chai", mama wa Songea ataacha choya yake pia, au, kwa kuona kwamba anashauriwa kuacha kila kitu, hataacha chochote. Akiandika "punguza chai yenye majani ya chai, na kahawa", ujumbe umefika.

Tahadhari hapa ni mbili. Kwanza, si kila kisichotokana na mchai kinakosa kafeini: yerba mate ya Amerika ya Kusini inayo, ingawa mmea wake hauna undugu na mchai. Pili, kukosa kafeini si kinga ya kila dhara, wala si uthibitisho wa uponyaji. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wa kutopendekeza majani ya artemisia yanywewe kama chai kwa kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kilichomo hakitabiriki. Anayeyaita "chai dawa" amechanganya starehe na tiba katika neno moja.

Mchanganyiko huo huwasumbua pia watumishi wa serikali. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa za forodha, ulioanza kutumika mwaka 1988, chai iko katika fungu la 09.02, yerba mate katika fungu la 09.03, na mimea itumikayo hasa kwa manukato na dawa katika fungu la 12.11. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango, na ule wa dawa chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002. Mjasiriamali anayekausha choya yake akaandika "chai ya mitishamba" juu ya pakiti hajui kwamba kwa neno moja amegonga mlango wa ofisi nyingine, kwa sababu mitishamba katika Kiswahili ni dawa.

Maneno ya Kuonjea

Tusiishie katika forodha na zahanati, kwa kuwa vinywaji hivi hunywewa kwanza kwa sababu ni vitamu. Neno lenyewe "ladha" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni raha au starehe. Kwa hiyo kuonja na kufurahia vimekaa pamoja katika neno hilo tangu zamani. Tafsiri nyingi za lebo za kigeni hutumia neno hilo moja kwa kila jambo, kana kwamba lugha yetu ni maskini. Sivyo.

Choya ina ugwadu, ukali ule wa tunda lisiloiva. Baada yake hufuata ukakasi kidogo, yaani hali ya ulimi na meno kukwaruzwa kama baada ya kula embe bichi. Sukari huuficha ugwadu upesi kuliko inavyouficha ukakasi, na anayeionja kwa mara ya kwanza aionje kabla ya kuitia sukari ili apate kuvitofautisha. Ganda la chungwa likichemshwa mno huleta uchungu. Kinywaji kilichopata kadiri yake kimekolea. Kilichokosa ladha ni chapwa. Mchaichai haukolei sana ulimini, bali hunukia, kwa kuwa una mafuta yenye kiini kilekile kinachopatikana katika ganda la limau. Ukichemshwa muda mrefu bila kifuniko, harufu yake huondoka pamoja na mvuke, na chai ikabaki chapwa.

Mfasiri azingatie hapa tofauti ya kunuka, kuwa na harufu na kunukia. Lebo isemayo "chai yenye harufu ya limau" haimvutii mtu. Isemayo "chai inayonukia limau" imesema Kiswahili. Azingatie pia kwamba "chai ya matunda" si sawa na chai yenye ladha ya matunda. Katika choya kinachochemshwa si tunda lenyewe wala petali za ua, ingawa wengi husema "maua ya choya". Ni vile vijani vinene vyekundu vinavyolikumbatia tunda baada ya petali kuanguka.

Hata kitenzi cha kuandalia kina umuhimu. Sisi tunapika chai. Wengine huimimina maji juu yake na kungoja. Kanuni ya Shirika la Kimataifa la Viwango ya mwaka 1980 kuhusu kuandaa chai ya kuonjwa inataka gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika 6, bila kurudisha motoni. Mizizi kama tangawizi huhitaji kuchemshwa. Mchaichai hutosheka na kuloweshwa katika maji ya moto. Maelekezo ya pakiti yasiyotofautisha "chemsha" na "lowesha" huharibu kinywaji kabla hakijaonjwa.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza matumizi yafuatayo katika hati, vitabu vya shule na lebo, bila kuyagusa mazungumzo ya kila siku.

Chai: kinywaji kitokanacho na majani ya mchai. Pale ambapo msomaji anaweza kutatizika, iandikwe "chai ya majani ya chai".

Chai ya mimea: kinywaji cha moto kitokanacho na sehemu ya mmea wowote usio mchai. Jina la mmea litajwe daima. Jina hili lishike mahali pa "chai ya mitishamba", ambalo libaki kwa tiba.

Chai yenye kitu fulani: chai ya majani ya chai iliyoongezwa kitu hicho.

Chai ya matunda: ile tu ambayo tunda lenyewe limo. Nyinginezo ziitwe "yenye ladha ya matunda".

Isiyo na kafeini: ambayo tangu asili haina kafeini. Iliyoondolewa kafeini: ambayo ilikuwa nayo.

Chai dawa: isitumike. Kilicho dawa kiitwe dawa, pamoja na kipimo chake.

Tulifikiria pia kutohoa neno la Kifaransa, na tulifikiria "mchemsho". La kwanza halina mizizi kwetu. La pili limekwisha kuchukuliwa na hoteli zetu kwa samaki na kuku wa kuchemsha, na anayeagiza mchemsho wa choya ataletewa bakuli.

Istilahi hukubalika pale inapomrahisishia mtumiaji kazi. Mapendekezo haya hayamdai mtu neno geni. Yanamdai mwandishi aongeze neno moja au mawili baada ya "chai". Walimu na wafasiri wanaweza kuanza nayo kwa kuzipitia tafsiri walizonazo mkononi, hasa za afya, na kuuliza katika kila "chai" iliyoandikwa humo: majani ya chai yamo, au hayamo?